Viza ya miaka 10 sio kukaa miaka 10: hizi siku za mtalii zinapangwaje na zinabadilishwaje

Kila baada ya miezi kadhaa ile meseji lazima irudi. Inaingia kwenye grupu la familia imeshafowadiwa mara elfu, herufi kubwa mwanzo mwisho, kwamba nchi fulani imepunguza siku za viza ya utalii, walioko huko wafungashe, wenye tiketi wabadilishe deti. Basi yule ambaye mama yake kaenda ughaibuni kulea mjukuu presha juu, aliyekuwa anajiandaa kwenda kutembea anaanza kusumbua watu kwa simu, na ukiuliza "hii imetoka wapi?" unajibiwa tu "mi nimeituma kama nilivyoipokea".

Nimeamua niiandike hii mara moja, niwe naituma badala ya kueleza upya kila siku. Na niseme mapema, shida ya zile meseji sio kwamba zote ni uongo, nyingi zina kaukweli ndani yake ila kamevurugwa, mtu kachukua habari ya muda wa viza akaipachika kwenye siku za kukaa, kachukua pendekezo akaliita sheria, kachukua kanuni inayohusu raia wa nchi nne akaifanya ya dunia nzima. Na wakati watu wanahangaika na hiyo, badiliko la kweli linapita pembeni hakuna aliyeliona.

Tuanze na linalochanganya wengi. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi, basi. Kwa nchi nyingi ile deti ya mwisho kwenye stika inakwambia mpaka lini unaweza kufika mlangoni na kubisha hodi, haikwambii ukikaribishwa utakaa siku ngapi. Anayesema karibu, na karibu ya siku ngapi, ni afisa uhamiaji pale unapoingia, kwa kugonga muhuri au kwa kuingiza deti kwenye sistimu yake. Hiyo deti yake ndo inakubana wewe.

Chukua Marekani. Raia wa baadhi ya nchi wanapewa viza ya B1/B2, ile ya biashara na utalii, ya miaka 10. Haina maana utakaa miaka 10, ina maana ndani ya miaka hiyo unaweza kwenda ukabisha hodi mara nyingi, na kila ukiingia unafunguliwa rekodi inaitwa I-94 yenye deti ya mwisho ya kukaa, kwa mtalii kawaida ni miezi 6. Na inafanya kazi kinyume pia, hapa ndo watu wanashangaa: mtu ambaye viza yake inaisha wiki ijayo akiingia leo anaweza kupewa miezi 6 kamili, viza ikaisha akiwa ndani wala asiwe amekosea kitu, maana hodi alibisha kwa wakati. Zamani I-94 ilikuwa kikaratasi kinabanwa kwenye pasipoti, tangu 2013 kwa wanaoingia kwa ndege imekuwa ya mtandaoni, na ndo maana wengi hawajui hata kama ipo, wanaangalia stika ya viza wanaona 2033 wanatulia.

Sasa ukishaelewa hilo, angalia kilichotokea Julai 2025. Marekani ilibadilisha viza zinazotolewa kwa raia wa Nigeria, Ghana, Cameroon na Ethiopia, zikawa za kuingia mara moja na za miezi 3. Mtandaoni ikaenea kwamba "Waafrika sasa wanakaa miezi 3 tu". Hapana. Kilichokatwa pale ni muda wa kubisha hodi, yaani ukipewa viza una miezi 3 uwe umeshafika, na ukitoka umetoka, ukitaka kurudi unaomba upya na kulipa upya. Siku za kukaa hazikuwa ndo zilizoguswa. Inauma, tena inauma sana kwa mfanyabiashara wa kwenda na kurudi, ila ni maumivu mengine kabisa, na kwa mama anayekwenda mara moja kukaa na mwanae wala hayamgusi sana. Ghana wenyewe walirudishiwa viza za miaka 5 Septemba hiyohiyo.

Stika ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, angalau imejitahidi. Ina sehemu ya kuanzia lini mpaka lini, na pembeni ina sehemu ya idadi ya siku. Mtu anaweza kupewa viza ya mwezi mzima lakini siku 15, maana yake chagua siku zako 15 ndani ya huo mwezi. Kila mwaka kuna anayesoma ile ya kwanza na kuiruka ya pili.

Kwa nini siku ziwekwe kikomo? Sisi wenyewe tuna msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tofauti ni kwamba kwa uhamiaji mtalii akishika jembe tu kashavunja masharti, viza yake ni ya kutembea, ndo maana mgeni anayekaa muda mrefu bila chanzo cha hela kinachoeleweka wanaanza kumtilia shaka, huyu anakula nini? Upande wa pili mtalii anaacha pesa, hoteli zinataka akae zaidi. Kila serikali inavutwa na hizo kamba mbili, mwaka huu utalii umelala wanaongeza siku, mwaka kesho wenyeji wanalalamika wageni wanafanya kazi kimyakimya wanafikiria kupunguza. Thailand ni mfano mzuri, Julai 2024 waliwapa raia wa nchi na maeneo 93 siku 60 za kuingia bila viza, haikupita hata mwaka, Machi 2025 wizara zao zikawa zinazungumzia kurudi kwenye siku 30.

Haya, nije kwenye mkasa ninaoupenda kuliko yote kwenye mada hii, kwa sababu una kila kitu ndani yake.

Machi 2002, miezi 6 kamili baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11 Marekani, chuo kimoja cha urubani kule Florida kilipokea barua kutoka idara ya uhamiaji ya wakati huo, INS, kwamba wale wanafunzi wawili walioomba kubadilisha hadhi yao kuwa wanafunzi wamekubaliwa. Wanafunzi wenyewe walikuwa ni wawili kati ya waliorusha ndege zile kwenye majengo. Walishakufa, dunia nzima inawajua majina na sura, barua ya kuwakubalia ndo inafika. Walikuwa wameingia kama wageni wa kawaida, wakasoma urubani wakiwa na hadhi hiyo, huku maombi yao yanasubiri. Unaweza kufikiria aibu iliyoikuta ile idara.

Mwezi uliofuata, tarehe 12 Aprili 2002, INS wakatoa kanuni mbili siku moja. Hapa tafadhali soma polepole maana ndo penyewe.

Ya kwanza ilikuwa inahusu masomo: mwenye viza ya utalii haruhusiwi kuanza kusoma mpaka kwanza ombi lake la kubadilisha hadhi likubaliwe. Hii ilitolewa kama kanuni ya muda inayoanza papo hapo, maoni mtatoa baadaye. Ikaanza kazi siku hiyohiyo na ipo mpaka leo.

Ya pili ndo ilihusu siku za kukaa. Walitaka kuondoa ule uhakika wa miezi 6 kwa mtalii, badala yake afisa pale kwenye kaunta akuulize unakuja kufanya nini, akupe muda unaolingana na shughuli yako, na kama haeleweki unahitaji muda gani basi akupe siku 30. Kikomo cha juu cha mtu wa viza ya B kingeshuka kutoka mwaka 1 hadi miezi 6, na kuongezewa muda ingekuwa kwa dharura tu, mambo ya ugonjwa na yanayofanana na hayo. Hii ilitolewa kama pendekezo, wananchi wakapewa siku 30 kutoa maoni.

Kelele zake hazikuwa za kawaida. Watu wa utalii walipinga, wenye nyumba za mapumziko ambazo wageni wanakuja kukaa msimu mzima wa baridi walipinga, na wahamiaji waliokuwa na wazazi nje wakaingiwa na hofu kweli, maana fikiria mama mzima kavuka bahari, tiketi ya gharama, mwili bado haujazoea saa za huko, halafu afisa anamuuliza kwa lugha asiyoijua vizuri umekuja kufanya nini, anajibu nimekuja kumwona mwanangu, anapewa siku 30. Kwa hofu ile ungedhani imeshapita.

Haikupita. INS yenyewe ilivunjwa Machi 2003 kazi zake zikagawanywa ndani ya wizara mpya ya usalama wa ndani, na lile pendekezo likabaki kwenye droo. Mpaka leo ukisoma kanuni zao mtalii wa B-2 aliyekubaliwa kuingia anastahili angalau miezi 6 hata kama kaomba pungufu, ilimradi pasipoti yake iko hai vya kutosha, na afisa akitaka kumpa chini ya hapo anahitaji ridhaa ya ngazi ya juu yake.

Kwa hiyo siku moja, ofisi moja, sababu moja, kanuni mbili: ile isiyopigiwa kelele ikaanza kazi mchana huohuo, ile iliyotisha kila mtu ikafa. Uingereza nako mwishoni mwa 2007 serikali ilipendekeza viza ya utalii ishuke kutoka miezi 6 iwe miezi 3, watu wakahamanika, na leo mgeni wa kawaida bado anapewa mpaka miezi 6. Mi ndo nimejifunza kutoshtuka na ile namba kubwa inayotangazwa, namba haibadiliki kirahisi hivo kwa sababu kila mtu anaiona na kila mtu ana la kusema. Kinachobadilika ni namna ya kuihesabu, nani anapewa, na wanavyokusimamia ukishaingia, na hayo hayafowadiwi.

Namna ya kuhesabu, twende Ulaya. Kanuni ya Schengen kila mtu anaikariri, siku 90 ndani ya siku 180. Zamani ilikuwa miezi 3 ndani ya miezi 6, na ile miezi 6 ilikuwa inaanza kuhesabiwa siku unayoingia kwa mara ya kwanza. Wajanja wakaona tundu: unaingia unakaa kidogo tu, unatoka, unarudi mwishoni mwa ile miezi 6 unatumia siku zako zote zilizobaki, na kesho yake miezi 6 mipya inaanza unaendelea na miezi mingine 3. Mtu akajikuta kakaa karibu nusu mwaka mfululizo na mahakama ya Ulaya mwaka 2006 ikasema sawa, ndivyo sheria ilivyoandikwa. Basi Oktoba 2013 wakabadilisha maneno machache tu, ikawa siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Namba ileile, hakuna gazeti lililoandika "siku zimepunguzwa", lakini tundu likazibwa.

Hiyo "chochote" inatesa watu mpaka leo kwa hiyo tuihesabu pamoja. Kila siku unayokuwa ndani, jifikirie umesimama siku hiyo unageuka nyuma unatazama siku 180, hiyo ya leo ikiwemo. Ndani ya hizo 180, siku ulizokuwa Schengen zisizidi 90. Umeingia tarehe 1 Januari ukakaa mfululizo mpaka 31 Machi, mwaka usio mrefu, hizo ni 31 na 28 na 31, jumla 90, umemaliza. Ukitoka usirudi tarehe 15 Aprili ukidhani hesabu imeanza upya, kutoka hakufuti kitu. Siku yako ya kwanza kuanza kudondoka nyuma ni tarehe 30 Juni, hapo dirisha limeshaiacha 1 Januari, na kuanzia hapo kila siku mpya unayokaa kuna ya zamani inadondoka, unaweza kukaa mpaka 27 Septemba. Kama safari zako ni za vipande vipande, wiki hapa siku 10 pale, usihesabu kichwani, kuna kikokotoo cha Tume ya Ulaya bure mtandaoni unaingiza deti tu.

Na kuna badiliko lingine la aina hiyo ambalo liliwakuta watu usingizini. Croatia ilipoingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, siku za kukaa kwa mtalii hazikuguswa, 90 ni 90. Ila kabla ya hapo wapo waliokuwa wanamaliza siku zao Italia au Ujerumani wanahamia Croatia kupumzika huku siku za Schengen zinarudi, kuanzia siku hiyo Croatia ikawa inakula kwenye fungu lilelile. Romania na Bulgaria wakafuata, anga na bahari mwezi Machi 2024, barabarani Januari 2025. Mzururaji aliyekuwa na sehemu tatu za kusubiria akabaki hana hata moja, na hakuna siku iliyopunguzwa kwenye karatasi.

Juu ya hapo kuna EES, sistimu mpya ya kuingia na kutoka iliyoanza 12 Oktoba 2025 na kusambazwa kidogo kidogo mipakani, alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri. Zamani afisa alikuwa anafunua pasipoti anatafuta mihuri, mingine imefifia, mingine imegongwa juu ya mingine, anahesabu kwa macho akichoka anakuachia upite. Sasa mashine inahesabu yenyewe. Sheria haijabadilika hata nukta, ila yule aliyekuwa anazidisha siku 3 na kupita, kwake yeye hili ndo badiliko kubwa kuliko yote ya miaka 20.

Kubadilisha nani anapewa, hapo tunarudi Marekani. Unakumbuka zile siku 30 zilizokataliwa 2002? Zimerudi, kwa mlango mwingine. Tarehe 20 Agosti 2025 walianza majaribio ya dhamana ya viza, yaani muombaji wa viza ya B kutoka nchi zilizotajwa anaweza kuambiwa aweke dola 5,000, 10,000 au 15,000 kabla hajapewa viza, akitoka kwa wakati anarudishiwa, akizidisha siku hela imeenda. Walianza na Malawi na Zambia, baadaye mwaka huohuo orodha ikaongezwa na Tanzania ikawemo. Wengi waliishia kwenye hela, na kweli ni hela, lakini ndani ya masharti yake kuna jambo dogo limeandikwa: viza ya mwenye dhamana ni ya kuingia mara moja ndani ya miezi 3, na akifika kwa kawaida anapewa siku 30. Siku 30! Ile hofu ya akina mama ya 2002 imetimia, sio kwa wote, kwa wa nchi zilizochaguliwa, na haikuja kama pendekezo la kujadiliwa, ilitoka kama kanuni kamili ya muda, maoni hayakuombwa kwanza. Kwa maoni yangu hapo ndo pa kujifunzia namna mabadiliko ya kweli yanavyoingia, na naona ajabu kwamba kwenye magrupu kilichosambaa ni zile dola tu.

Nyingine nizipitie haraka. India mwishoni mwa 2009 baada ya kesi moja ya ugaidi waliweka sharti kwamba mtalii akitoka asirudi mpaka ipite miezi 2, siku za kukaa hazikuguswa ila waliozoea kwenda nchi ya jirani na kurudi wakakwama, sharti likalegezwa kwa walio wengi Desemba 2012. Afrika Kusini 2014 wakaziba ule mchezo wa kuvuka mpaka wa jirani kula chakula cha mchana na kurudi kugongewa siku 90 mpya, ukirudi unaendelea na zilezile zilizobaki. Mexico mtalii anaweza kupewa mpaka siku 180, na kwa miaka mingi ilikuwa kama haki, siku hizi afisa anakuuliza unakaa muda gani na anakuandikia kulingana na tiketi yako na hoteli yako, ukisema wiki mbili usishangae ukipewa hizohizo. Sheria imesimama palepale, "mpaka" 180, wamekumbuka tu kwamba hilo neno lipo.

Sasa swali la wenye ndugu ambao wameshaingia. Kanuni ikibadilika leo, mama ambaye yuko ndani na deti yake ya Oktoba anafukuzwa? Kwa kawaida hapana, deti aliyopewa akiingia inaheshimiwa, mabadiliko yanawakuta wanaoingia kuanzia siku kanuni inapoanza kazi. Anayeumia zaidi ni mwenye viza mkononi ambaye hajasafiri, maana yeye viza anayo ila siku bado hajapewa, atapewa akifika na zitafuata kanuni ya siku hiyo. Na mwingine ni aliyekuwa anategemea kuongezewa muda, kwa sababu kuongezewa ni ombi jipya na linaamuliwa kwa kanuni mpya.

Kuhusu kuongezewa, usichukulie kwamba kila sehemu ipo. Marekani mtalii wa B-2 anajaza fomu ya kuomba kuongezewa, I-539, kabla deti haijafika, wenyewe wanashauri angalau siku 45 kabla, lakini aliyeingia bila viza, kwa mpango wao wa siku 90 kwa raia wa baadhi ya nchi, haongezewi. Schengen kuongezewa ni kwa mambo mazito, ugonjwa, dharura, sio kwamba umependa hali ya hewa. Indonesia viza ya kupewa ukifika ni siku 30 na unaongeza 30 mara moja. Ufilipino ndo watu wa ajabu, mtalii anaweza kuendelea kuongezewa mpaka akafikisha miaka na kila mara analipia.

Ukizidisha je? Hapa nchi hazifanani kabisa. Thailand ni faini ya baht 500, hela ya kwao, kwa siku mpaka zifike 20,000, ukiwa umezidisha kidogo ukajipeleka mwenyewe uwanja wa ndege unalipa unaondoka, ila ukikamatwa mtaani kabla hujajipeleka, hata kwa siku chache, unafungiwa kuingia miaka 5. Marekani ni kinyume, siku moja tu ukizidisha viza yako imekufa hata kama imeandikwa miaka 8 mbele, ukizidisha zaidi ya siku 180 ukatoka hurudi miaka 3, ukifika mwaka mzima na zaidi ni miaka 10. Na kwenda Canada au Mexico mara moja na kurudi hakuanzishi upya hesabu kama I-94 yako bado ina siku, safari fupi ya chini ya siku 30 wanaweza kukurudisha kwenye deti ileile.

Kwa hiyo meseji ikiingia tena, angalia kitenzi. "Waziri kasema", hapo bado. "Wanapendekeza", hapo kuna muda wa maoni na inaweza kuishia kwenye droo. "Kanuni imetolewa", tafuta deti ya kuanza na orodha ya wanaohusika, vikiwa havipo kwenye hiyo habari basi aliyeandika hajaisoma. Na maneno "ya muda" au "majaribio" yasikufanye ulegee, tumeshaona ya 2002 iliyoitwa ya muda ndo iliyobaki.

La mwisho ni la siku ya kuondoka yenyewe, maana hata mwenye kuhesabu vizuri anaharibikia hapa. Schengen siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa, zote mbili. Na ndege ya saa sita na dakika kumi usiku kwenye tiketi ina tarehe ya kesho, kwa hiyo kama siku yako ya 90 ni Jumanne na umekata ya usiku huo wa Jumanne, kinachoangaliwa ni saa ngapi umepita kwenye kaunta ya pasipoti, sio ndege iliruka saa ngapi, pita kabla ya saa sita usirande dukani kwanza. Marekani haina hata hiyo kaunta ya kutokea, kuondoka kwako kunaingia kwenye rekodi hasa kupitia taarifa za shirika la ndege, ndo maana mama akifika nyumbani kile kipande cha tiketi alichopandia ndege usimwachie akitupe, kipige picha, weka na picha ya I-94 yake, siku rekodi ikionyesha hakutoka ndo utakavyowaonyesha.